Praima Isiishie Ziwani

Kwa mafundi rangi, wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa kamati za ujenzi wa Musoma, Bunda na Butiama.

Yah: Madoa ya praima yaondolewe na fundi kabla jengo halijakabidhiwa

Ndugu zangu,

Nawaandikia kutoka kisiwani Rukuba, Ziwa Victoria. Najua mko kazini, kwa hiyo nitatanguliza ombi lenyewe. Naomba kazi ya kuondoa madoa ya praima ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi ya rangi: iandikwe kwenye makubaliano, inunuliwe vifaa vyake, ilipwe, na ikaguliwe kabla fundi hajapewa fedha yake ya mwisho. Tena naomba ifanywe kwa namna isiyoingiza petroli ndani ya nyumba wala kumwaga uchafu wake ziwani.

Anayeujua ujenzi wetu anajua inavyokwenda sasa. Fundi akishapiga koti ya mwisho anasuuza brashi, anapokea chake, anawahi boti. Kinachobaki kinaitwa usafi, na kwenye usafi wanaitwa akina mama. Wanakuta ukuta unang'aa, lakini sakafuni kuna matone meupe yaliyokwisha kukauka, vioo vina michirizi ya rola, bawaba zimegandana, sinki lina alama za vidole vya rangi. Hakuna aliyewaambia ile ilikuwa praima ya maji au ya mafuta. Wanapewa ndoo, wembe, waya wa kusugulia sufuria na chupa ya petroli, wanaambiwa mgeni rasmi anakuja kesho kutwa. Wanasugua mpaka usiku. Doa linatoka nusu, na mahali pake panabaki mikwaruzo itakayokaa na jengo miaka yake yote.

Mtu anaweza kuona haya ni mambo madogo mbele ya jengo lenyewe. Mimi siyaoni madogo. Chumba cha kujifungulia chenye sakafu iliyokwaruzwa hakipigwi deki kikatakata. Uchafu na damu vinajificha kwenye mikwaruzo. Darasa ambalo vioo vyake vimefifia kwa praima linamnyima mtoto mwanga anaousomea. Na nyumba ya mwalimu yenye sinki lililochubuka inaanza kuchakaa siku ileile inapofunguliwa. Majengo haya tumeyapata kwa jasho. Saruji, nondo, mabati na ndoo za rangi za lita 20 huja kwa maji. Mawe na mchanga tunasomba wenyewe kama nguvukazi yetu. Jengo lililovuka ziwa kipande kwa kipande lastahili kumalizwa.

Sasa nizungumze na mafundi, maana ninyi ndio mnaoijua praima, na nitayarudia mengine mnayoyajua ili kamati nazo zisikie.

Praima inang'ang'ania kuliko rangi ya juu kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa: iingie kwenye vitundu vya plasta, ishike, kisha iishike rangi inayofuata. Ikidondokea kwenye saruji au kwenye viungo vya marumaru inafanya vilevile inavyofanya ukutani. Kwa hiyo saa ya kupambana nayo ni pale inapodondoka. Praima ya maji huanza kukauka juu ndani ya nusu saa hivi, na kwa jua letu la mchana hata kabla ya hapo. Ya mafuta hukawia saa kadhaa. Katika muda huo tambara bichi linamaliza kazi kwenye ya maji, na tambara lenye tapentaini kidogo linamaliza kwenye ya mafuta. Msaidizi mmoja anayetembea nyuma ya fundi na tambara mkononi anaokoa siku nzima ya kusugua. Kijana huyo alipwe kwa jina la kazi hiyo, asionekane kama anazurura.

Ikishakauka, mambo yanabadilika, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Praima ya maji ikikauka, chembe zake za plastiki zinashikamana zikawa utando, na maji matupu hayaurudishi utando huo kuwa rangi. Praima ya mafuta nayo haikauki tu kwa kuvukiza. Inavuta hewa ya oksijeni na kugeuka kitu kingine, ndiyo maana tapentaini iliyoweza kuifuta asubuhi haiwezi kuifanya lolote baada ya wiki mbili. Kabla ya kusugua lolote, jua kwanza una nini mbele yako. Loweka pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, bandika juu ya doa kwa dakika moja au mbili, kisha futa. Likilainika na pamba ikachukua weupe, hiyo ni praima ya maji. Likikataa kabisa, ni ya mafuta, au ni ile ya kuchanganya makopo mawili ambayo ikishaganda haikubali chochote isipokuwa kukwanguliwa. Jaribio hili ni la pamba na spiriti kidogo tu, nalo linaepusha kumwaga dawa zote dukani juu ya doa moja.

Kwenye vioo kazi ni nyepesi kama mtu hana pupa. Lowesha kioo kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kiache kilowe, kisha chukua wembe mpya, ulaze, usukume upande mmoja tu. Usirudi nao nyuma, maana punje ya mchanga iliyonasa chini yake ndiyo inayochora kioo. Kioo kikikauka, lowesha tena. Wembe ukiwa na kutu au pengo, tupa. Paneli za sola zina sharti lake: uso wake wa kioo mara nyingi umepakwa utando mwembamba wa kusaidia kupokea mwanga, na wembe unauharibu. Hapo tumia maji, sabuni na kitambaa laini, na uvumilivu. Afadhali zaidi zifunikwe kabla ya kupaka paa, kwa kuwa tone moja la praima likikaa juu ya paneli linapunguza umeme ambao nyumba nzima inautegemea.

Marumaru zenye uso wa kung'aa hazinywi praima. Maji ya moto yenye sabuni yakae juu ya doa, kisha kipande cha plastiki ngumu, hata kadi ya zamani, kinalibandua. Viungo vya katikati ndivyo vinavyokunywa. Hapo spiriti na mswaki wa zamani vinasaidia kwa praima ya maji. Kwa ya mafuta, thina kidogo kwenye tambara, madirisha yakiwa wazi na glavu mkononi.

Sakafu ya saruji na ya tarazo ndiyo yenye mateso. Doa limezama, na kusugua kunalisukuma ndani zaidi. Yako maarifa ya zamani ambayo bado yanafanya kazi: changanya unga wa chaki na spiriti au thina, kufuatana na aina ya doa, upate uji mzito, upake juu ya doa unene wa kidole, funika kwa nailoni, uache usiku kucha. Dawa inalainisha praima, chaki inaivuta juu. Asubuhi kwangua kwa ubao, osha, na ukiona limepungua bila kwisha, rudia. Inataka siku mbili tatu, ndiyo. Ndiyo maana naomba siku hizo ziwepo kwenye ratiba ya mradi.

Wengine wakiona tarazo limekaidi huleta maji ya betri au asidi ya chooni. Nawasihi msifanye hivyo. Asidi haiyeyushi utando wa praima. Inachokula ni saruji yenyewe na zile punje za mawe ya chokaa zinazolipa tarazo sura yake. Doa linaondoka kwa sababu sakafu iliyolibeba imeondoka, na pale panabaki shimo lenye vumbi. Zaidi ya hapo, asidi ikikutana na Jik iliyomwagwa kwenye sakafu hiyohiyo inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo imewahi kulaza watu hospitalini sehemu nyingi duniani kwa sababu ya usafi wa kawaida wa nyumba.

Fremu za aluminiamu zisiguswe na thina, inaondoa rangi ya kiwandani. Masinki na mabomba ya plastiki vilevile, thina inayalainisha yakabaki na kovu. Mlango wenye vanishi upakwe mafuta ya kupikia juu ya doa, uachwe, kisha ukwanguliwe taratibu kwa plastiki.

Nirudi kwenye petroli, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Petroli kisiwani haikosekani. Injini za mitumbwi zinaitumia, madumu yake yapo mwaloni na majumbani, wakati chupa ya spiriti iliyosahaulika Mwigobero, kule Musoma mjini, inasubiri boti ya siku nyingine. Na kwa kuwa petroli inaondoa grisi mikononi, watu wameamini inaondoa na praima. Kwa praima iliyokwisha kukomaa inasaidia kidogo sana, basi mtu anaongeza, anamwaga sakafuni, anaeneza kwa fagio. Chumba kina madirisha yaliyofungwa ili vumbi lisiingie kwenye rangi mbichi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaondoka, unatambaa sakafuni hadi unapokutana na jiko la mkaa, kibatari, sigara au cheche ya swichi. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la karibu nyuzi 40 au zaidi. Petroli inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo nchi yetu haijawahi kuiona. Maana yake ni kwamba kwetu petroli iliyo wazi iko tayari kuwaka saa zote, usiku na mchana. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki. Kiasi cha mafuta kilikuwa kikubwa kuliko chupa ya kusafishia sakafu, lakini mvuke ni uleule, na chumba kimoja kilichofungwa hakihitaji lori.

Hata isipowaka, inaingia mwilini. Petroli ina benzini, ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana bila shaka kusababisha saratani kwa binadamu. Thina nyingi zina toluini, inayoumiza ubongo na mishipa ya fahamu kwa mtu anayeivuta siku nyingi, na si ya kushikwa na mama mjamzito. Nani anayepiga magoti kwenye sakafu hiyo? Dada zetu na wake zetu, mara nyingine na mtoto mgongoni. Rangi ikishika mikononi, dawa yake ni mafuta ya kupikia yakisuguliwa vizuri, kisha sabuni ya kipande na maji. Yanatosha.

Nina jambo jingine kwa mafundi wanaokarabati majengo ya zamani: nyumba za miaka ya ukoloni pale Musoma mjini, misheni, madarasa ya miaka ya mwanzo ya Uhuru, nyumba za watumishi zilizopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Rangi hizo za kale, hasa za mafuta zenye njano, nyekundu na kijani kali, na praima nyekundu ya kuzuia kutu kwenye mabati na vyuma, huweza kuwa na madini ya risasi. Si habari mpya. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wake wa 13 kukataza risasi nyeupe katika kupaka rangi ndani ya majengo, isipokuwa vituo vya reli na viwandani pale inapobidi. Marekani iliipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Leo kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 katika milioni, na shirika la AGENDA la Dar es Salaam limewahi kupima rangi za mafuta zinazouzwa nchini likakuta zenye risasi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inapunguza uwezo wa akili, na kilichopungua hakirudi.

Sasa fikirini fundi anayepiga msasa mkavu dirisha la darasa la zamani ili praima mpya ishike, au anayekwangua madoa ya miaka 40 kwenye sakafu. Vumbi linatua kwenye madawati, kwenye madirisha, kwenye mchanga wanakochezea watoto. Linatua hata kwenye dagaa walioanikwa jirani. Kazi hiyo ifanywe kwa maji: lowesha, piga msasa ukiwa umelowa, kusanya tope kwenye gazeti au nailoni, futa kwa tambara bichi lenye sabuni badala ya kufagia, na nguo za kazi zisiende nyumbani kufuliwa na nguo za watoto. Watoto wakae mbali mpaka pafutwe mara mbili. Mkinunua rangi na praima mpya, someni kopo, tafuteni nembo ya ubora ya TBS, na ulizeni kama haina risasi. Muuzaji akiulizwa na kila fundi, ataanza kumuuliza anayemuuzia.

Halafu ziwa. Ninajua jibu linalotolewa: ziwa ni kubwa. Ni kweli, Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini hakuna mama wa Rukuba anayechota maji katikati ya ziwa. Anachota ufukweni, hatua chache kutoka kwenye jiwe ambalo fundi amesuuzia brashi na rola, mahali ambapo watoto wanaoga, nyavu zinaoshwa na dagaa wanateremshwa. Maji pale ni ya kina cha magoti, na kwenye ghuba tulivu hayana haraka ya kuondoka. Praima ya maji, jina lake lisitudanganye, ina plastiki, ina dawa za kuua ukungu na vijidudu ili isioze ndani ya kopo, na dawa hizo zikifika ziwani hazibagui kati ya ukungu na chakula cha samaki. Thina na tapentaini ni mbaya zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imelinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuuharibu. Mita 60 ni umbali ambao kijana mwenye ndoo anautembea kwa dakika moja.

Basi brashi zioshwe juu, mbali na ufukwe, ndani ya ndoo. Kwa praima ya maji, tumieni ndoo mbili: ya kwanza kuondoa unene, ya pili kusuuza. Maji hayo machafu yawekwe shabu, ileile ambayo bibi zetu waliitumia kutuliza maji ya matope; uchafu wa rangi nao unagandana na kushuka chini. Baada ya siku moja au mbili maji ya juu yakiwa yametakata yanamwagwa kwenye ardhi kavu, mbali na kisima na shamba, na tope la chini linaachwa likauke, linafungwa. Thina ya kusafishia iachwe kwenye chupa yenye kifuniko. Rangi itazama, na sehemu safi ya juu itatumika tena kesho. Fundi anayefanya hivi anapunguza gharama yake mwenyewe. Matambara yenye mafuta ya rangi yasilundikwe pembeni mwa stoo, kwa sababu yakikauka kwa pamoja yanajipasha joto na yanaweza kujiwasha. Yatandazwe nje yakauke. Na makopo matupu, tope lililokauka na matambara virudi Musoma na boti ileile iliyoleta rangi. Kisiwa hakina mahali pa kuvificha. Kukichimbwa shimo, mvua itavirudisha ziwani.

Wanaopaka mapaa wana jambo lao. Nyumba nyingi, shule na zahanati hukinga maji ya mvua kutoka batini hadi kwenye tangi. Paa likipigwa praima na rangi, mifereji itenganishwe na tangi kabla ya kazi kuanza, na isirudishwe mpaka rangi imekauka kabisa na mvua za kwanza zimeliosha paa. Tone lililoingia tangini litanywewa.

Sasa kamati za ujenzi. Majengo mengi ya vijijini siku hizi yanajengwa kwa fosi akaunti: halmashauri na kamati zinanunua vifaa, mafundi wanalipwa ujira, mkandarasi hayupo. Kwa mkandarasi kazi ya umaliziaji na usafi ingekuwa jukumu lake mpaka siku ya makabidhiano. Kwetu jukumu hilo limekosa mwenyewe, kwa hiyo limeangukia wasiolipwa. Kamati ndiyo inayoweza kuliweka mahali pake, na njia yake ni karatasi ile ya mchanganuo wa vifaa. Mnapoandika ndoo za praima na rangi, andikeni chini yake utepe wa karatasi wa kufunikia kingo, nailoni au turubai, chupa za spiriti, tapentaini, wembe, glavu za mpira, matambara, chaki na shabu. Ukilinganisha na bei ya rangi yenyewe ni fedha ndogo. Mifuko ya saruji iliyokwisha kutumika, ikikung'utwa na kupasuliwa, inafunika sakafu vizuri sana na haiongezi hata shilingi. Msiazime tu nyavu na maturubai ya kuanikia dagaa. Hayo yana chakula cha watu juu yake. Wavu wa mbu utolewe dirishani kabla ya praima, na vitasa vifungwe baada ya rangi badala ya kabla, kama mpangilio wa kazi unaruhusu.

Wenyeviti, ninyi mna nguvu ya tarehe. Madoa mengi yanazaliwa na haraka ya uzinduzi. Fundi anapoambiwa mgeni anakuja Ijumaa, hafuniki sakafu, anapaka. Tengeni siku kati ya koti ya mwisho na makabidhiano, na kagueni jengo mchana, jua likiingia dirishani, mkitembea na fundi chumba kwa chumba. Usiku au kwa taa ya simu hamtaona kitu. Akina mama wakiitwa kusaidia usafi, waitwe kufagia na kupiga deki jengo ambalo halina doa, na wakipewa kazi ya kuondoa praima, wapewe glavu, maelekezo na ujira kama fundi yeyote.

Kwa walimu wa VETA wanaofundisha upakaji rangi nina ombi fupi. Muda wa kufundisha kufunika, kufuta, kutambua aina ya doa na kutunza maji machafu uwe mkubwa kama muda wa kufundisha kupaka, na kijana apimwe kwa hayo pia anapotahiniwa. Mafundi waliojifunzia kazini, ambao ndio wengi kwetu, wafuatwe walipo, na mafunzo ya siku moja yafanyike kwenye jengo linalopakwa kweli.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Naomba mkutano ujao, katika kila kijiji chenye jengo linaloelekea kwenye rangi, ulijadili jambo hili na kulipitisha. Ili msianze na karatasi tupu, naambatisha maneno ya kuanzia, muyarekebishe mpendavyo:

«Fundi atafunika sakafu, vioo, milango, masinki na paneli za sola kabla ya kupiga praima. Ataondoa madoa yote yatakayotokea, kwa gharama ya vifaa vilivyomo kwenye mchanganuo, bila kutumia petroli wala asidi, na bila kupiga msasa mkavu kwenye rangi ya zamani. Hataosha vifaa vyake ziwani wala ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ataondoka kisiwani na makopo, matambara na mabaki ya rangi. Sehemu ya kumi ya ujira wake italipwa siku ambayo kamati, ikiwa na angalau wanawake wawili, itakagua jengo mchana na kuridhika. Kamati nayo itahakikisha vifaa hivyo vyote vimefika kabla ya ndoo ya kwanza ya praima kufunguliwa, na isipofanya hivyo fundi ana haki ya kutoanza kazi.»

Wasalaam,

Mwanakijiji wa Rukuba